Bushi za Amu Zikazwe Gari Likiwa Chini

Wanaoshauri kwamba saspensheni ya mbele ya gari kuukuu aachiwe fundi wa gereji wana hoja moja nzito, nayo ni springi. Springi ya koili iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu, ndiyo maana nati ya katikati juu ya shokapu ya aina ya MacPherson, ambayo Ford waliitumia katika Consul na Zephyr tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, haiguswi kabla springi haijakamatwa kwa kibanio chake. Asiye na kibanio madhubuti apeleke shokapu nzima kwa mwenye nacho, na asiye na stendi imara asiingie kabisa chini ya gari, kwa sababu jeki ni ya kuinulia tu.

Ukiondoa hatari hiyo, naamini mwenye gari anaweza kuifanya kazi hii nyumbani vizuri kuliko gereji nyingi, kwa kuwa yeye hana foleni ya wateja inayomharakisha.

Haraka huonekana zaidi kwenye bushi za amu, yaani viungo vya mpira vinavyoshikilia amu, mikono ya chuma inayounganisha magurudumu na bodi ya gari. Katika bushi ya kawaida, mpira umegandishwa kwenye mabomba ya chuma, la ndani na la nje, hivyo amu inapopanda na kushuka mpira hauzunguki bali hujisokota. Boliti zikikazwa wakati magurudumu yananing'inia, gari likishushwa mpira huwa umekwisha kusokotwa hata kabla halijaondoka, na utachanika mapema mno. Boliti hizo zifungwe kwanza bila kukazwa, gari lishushwe na lisukumwe mbele na nyuma kidogo ili likae katika kimo chake, ndipo zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kuzifikia ukiwa umelala ubavu ni kero, nakubali, lakini bushi mpya inastahili kero hiyo.

Kung'oa ile kuukuu nako kunadai subira. Mpira hutolewa kwanza, kisha bomba la nje hukatwa kwa msumeno wa chuma kwa mstari mmoja kutokea ndani, taratibu, ukichungulia mara kwa mara usije ukaichanja amu yenyewe. Likishakatika hulegea na kutoka kwa nyundo nyepesi. Bushi za poliurethani, aina ya plastiki ngumu, ambazo wengi huzisifu, mimi sizitaki kwenye gari la safari za kila siku: hudumu, ila hupitisha mtikiso na hulia zikikosa grisi.

Kwenye bol jointi, kiungo cha tufe kati ya amu na gurudumu, tundu la pini ya kuzuia nati lisipolingana na mwanya wa nati, kaza hadi mwanya unaofuata, usilegeze kamwe.

Alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, haipimwi kwa macho. Kuhesabu nyuzi za skrubu za tai rodi, fimbo inayogeuza gurudumu kutoka kwenye usukani, kabla ya kuifungua kutakuwezesha tu kulifikisha gari polepole kwenye mashine ya alaimenti, na lifike kila boliti ikiwa imeshakazwa, maana vipimo vilivyochukuliwa amu zikiwa zimelegea hubadilika mara zinapokazwa.