Steve simpendi, lakini kura ile ilikuwa ya hovyo

Jumanne usiku, saa tano kasoro, nimeshazima taa nautafuta usingizi, simu ikalia. Grupu la mashindano yetu ya wikiendi ya Super Smash Bros. Ultimate, ile gemu ya Nintendo ya kupigana na kutupana nje ya jukwaa. Admini kaweka kura: "Tumfungie Steve? Ndiyo / Hapana." Steve ni mhusika wa ndani ya gemu, yule mchimbaji wa Minecraft, na kumfungia maana yake asichaguliwe tena. Hamna maelezo, hamna siku ya mwisho, hamna chochote. Nikasema ngoja nijibu asubuhi akili ikiwa imetulia. Asubuhi naamka nakuta mchezo umeshaisha, 41 kwa 9, Steve kapigwa bani, na chini yake stika kama zote za watu wanakata mauno.

Nikawahesabu wale 41. Ndio, mmoja mmoja, sina kazi. Waliowahi kushika pedi kwenye mashindano yetu hawafiki ishirini. Wengine wanaangalia stream tu, wengine waliingia kwa ajili ya memu na hawajawahi kutoka, na kuna mmoja aliaga kabisa mwaka jana kwamba kauza konsoli, kaacha gemu, tumuombee, na kura kapiga! Hongereni sana, demokrasia imeshinda.

Sasa kabla hamjanirukia. Mimi Steve SIMPENDI. Natumia Ike (yule mzito wa upanga), na kila aliyewahi kucheza Ike dhidi ya Steve anajua maisha yanavyokuwa. Wiki mbili zilizopita nilikutana na yule dogo wetu anayemtumia, mechi ya tano, kila mtu kabaki na roho moja. Nasogea, katandika matofali. Nayavunja, keshafika upande wa pili anachimba, tik tik tik tik, anachimba kwa raha zake kama yuko shambani kwao. Namfuata, fuawe (anvil jamani, ile chuma ya mhunzi) linashuka kichwani. Nikatupwa nje, nikasema poa nitarudi na Aether (pigo la Ike la kupanda juu), nikapanda vizuri kabisa, nikakutana na tofali moja la udongo limekaa hewani pale pale nilipotaka kushika ukingo. Tofali moja. La udongo. Nikaanguka nalitazama. Nilizima TV nikakaa gizani kama dakika tatu hivi bila kusema neno.

Kwa hiyo mtu wa kushangilia ile bani ningekuwa mimi, na bado nasema ni upuuzi.

Lakini nianze na wale wa upande wa pili kwanza, maana nao wananichosha. Wale wa "cheza gemu kama ilivyotengenezwa, sheria za mashabiki ni za walioshindwa". Mzee, Melee, Smash ya zamani, ilitoka 2001 ikiwa na majukwaa 29, leo kwenye mashindano yanachezwa sita. Sita! Hyrule Temple haikutolewa kwa sababu kuna mtu alilia, ilitolewa kwa sababu ukishaongoza unazunguka lile hekalu kama daladala mpaka saa inaisha na hakuna wa kukukamata. Item (vitu vinavyodondoka katikati ya mechi) zilizimwa kwa sababu hakuna mtu anataka kusafiri masaa manane kisha kreti idondoke mbele ya ngumi yake ilipuke. Evo (mashindano makubwa ya gemu za kupigana) 2008 waliziwasha item kwenye Brawl, Smash iliyofuata, na mpaka leo watu wakitaja mwaka ule wanakunja sura. Kama wale wa zamani wangecheza "kama ilivyotengenezwa" basi Melee ingekuwa imeshazikwa kitambo, na badala yake ni gemu ya zaidi ya miaka 20 ambayo watu bado wanaamka alfajiri kuitazama. Na Nintendo wala hawakusaidia, 2013 walitaka hata Evo wasiionyeshe, kelele zikawa nyingi wakarudi nyuma. TF2 (Team Fortress 2, gemu ya timu ya kupigana risasi) vilevile, medic mmoja (anayetibu) na demo mmoja (wa mabomu) kwenye sita kwa sita ni sheria ya wachezaji, Valve wenye gemu walipoleta competitive yao 2016 hata hiyo limiti hawakuweka na wote tunajua ile kitu iliishia wapi.

Kwa hiyo bani za mashabiki ni halali na zinahitajika, na kwa Ultimate ndo zaidi. Masahihisho ya mwisho ya nguvu za wahusika yalikuwa Desemba 2021, toleo la 13.0.1, baada ya hapo daftari limefungwa. Steve alivyo ndivyo atakavyobaki. Hakuna mwenye gemu atakayekuja kumpunguza, kwa hiyo tusipoamua sisi hakuna wa kuamua. Hapo niko na nyie asilimia mia.

Shida yangu ni NANI anaamua, na kaamua akiwa anajua nini.

Niwape mfano wa watu ambao huwa tunawacheka kwamba ni wakereketwa wa kupitiliza, Smogon. Wale jamaa wa Pokémon wako kwenye hii biashara tangu 2004, na wakitaka kumfungia mtu hawarushi kura usiku wa manane. Kwanza kunakuwa na mjadala mrefu wa kuchosha, watu wanaandika aya kama wanatetea shahada. Halafu wanatangaza jaribio rasmi, na hapa ndo penyewe: ukitaka kupiga kura unaingia kwenye ladder (ngazi ya mtandaoni, unapanda kwa kushinda mechi) wakati ule ule wa jaribio, na akaunti mpya, unapanda mpaka kiwango walichokiweka. Hujafika, huna kura, hata kama una maoni matamu kiasi gani. Halafu nusu jumlisha mmoja haitoshi, kufungia kitu wanataka asilimia 60. Terastal (uwezo wa Pokémon kubadili aina yake katikati ya mechi) watu waliilalamikia tangu siku ya kwanza, ikapelekwa kwenye kura, na ipo mpaka leo kwenye OU, daraja lao kuu. Waliolalamika wakanuna wakaendelea kucheza. Dynamax (ya kuwakuza Pokémon wawe majitu) nayo ilifungiwa Desemba 2019, mwezi mmoja tu tangu gemu itoke, kwa hiyo msiniambie utaratibu ni kuchelewesha mambo, kitu kikiwa kibaya kweli watu waliokicheza wanakiona haraka.

Na unaona tofauti yake? Mtu aliyepanda ladder dhidi ya kile kitu, hata akipiga kura ya kukifungia, anajua anafungia nini. Kashakutana nacho mara hamsini, kajaribu mbinu hii na ile, kashinda mara kadhaa pia. Mtu wa memu anajua tu kwamba Steve anaboa kutazama. Na kuboa kutazama ni hoja, nakubali kwa shingo upande, nilikuwa naangalia fainali ya Smash 4 (iliyotangulia Ultimate) pale Evo 2018, Bayonetta kwa Bayonetta, mhusika mmoja pande zote mbili, ukumbi mzima unazomea, na mimi nyumbani nazomea skrini. Sawa. Lakini basi semeni hivyo! Semeni "tunamfungia kwa sababu anaboa". Msiseme "hashindiki" wakati dogo wetu ndo Steve pekee tuliye naye na kwenye mashindano kumi ya mwisho kashinda matatu. Matatu! Kuna jamaa wa Fox kashinda manne na hakuna aliyemuwekea kura, kwa sababu Fox anapendeza macho.

Nilimwandikia admini pembeni. Akaniambia "bro mbona unakuza mambo, watu wameamua". Nikamuuliza watu gani. Akatuma kile kiemoji cha mabega juu.

Hivi mnajua kwanini hili linaniuma? Nimekua na kaka mkubwa. Tulikuwa na gemu moja ya kupigana, na kila nilipojifunza kitu kipya, wiki ile ile kinakuwa marufuku. Nilipojifunza kukaba na kurusha, "hakuna kukaba". Nilipojifunza kumpiga miguuni, "hakuna miguu". Nikajifunza kukaa kwenye kona nikirusha moto, "kona ni woga". Yeye alikuwa anakaba, anapiga miguu, na kwenye kona alijenga nyumba kabisa. Sheria zilikuwa zinatungwa na mwenye gemu na zilikuwa na jina langu. Na ndo nilichokiona kwenye lile grupu, sheria yenye jina la mtu. Sio sheria ya Steve, ni sheria ya yule dogo.

Dogo mwenyewe hajasema kitu. Kaandika "sawa" na nukta. Ana miaka kumi na sita, kakaa karibu mwaka mzima anajifunza mpangilio wa matofali, ana daftari, kashawahi kunitumia picha ya kurasa zake kanichorea lini almasi inatoka. Tungempa hata wiki mbili za kujitetea? Hata mashindano mawili ya majaribio? Hapana, stika.

Kuna njia nyingine pia ambayo haina kura kabisa na mimi naiheshimu kuliko zote. Akuma wa Super Turbo, Street Fighter ya 1994, Capcom wenye gemu walimficha nyuma ya msimbo wa siri maana hakuwekwa pale kwa ajili ya usawa, anarusha moto akiwa hewani na wenzake wengi hawana pa kupitia. Marekani wakaandika: marufuku. Japani hawakuandika kitu, ni kwamba tu hachaguliwi. Na Sagat wa zamani (toleo lake la gemu iliyotangulia) naye vilevile, Japani wanamkwepa kwa heshima wakati Marekani anachezwa kama kawaida, gemu moja, nchi mbili, makubaliano mawili, na hakuna aliyekufa. Pale hamna refa wa kukutoa. Ukitaka mchague, ila unamchagua mbele ya watu utakaokaa nao kiti kwa kiti wiki ijayo na ile inayofuata. Hiyo inafanya kazi kwa watu wanaojuana, na sisi tulikuwa watu wanaojuana mpaka grupu lilipovimba likajaa watazamaji.

Halafu bani ya haraka huwa haikai, hilo ndo wengi hawalifikirii. Meta Knight kwenye Brawl, kamati ya sheria ya Unity walimfungia mwishoni mwa 2011, sababu walikuwa nazo, yule kiumbe alikuwa balaa kweli sibishi. Lakini Apex 2012, mashindano yenyewe makubwa, yakaendelea naye kama hakuna kilichotokea. Sasa wewe mchezaji unafanyaje, hapa unafanya mazoezi ya gemu moja, pale ya gemu nyingine, unabeba wahusika wawili kama mtu mwenye nyumba ndogo. Hata kwa Steve leo ni hivyo hivyo, kuna mashindano kafungiwa na kuna mengine anatamba, na dogo akitoka kwetu akaenda kokote pengine atakuta wenzake wana mwaka mzima zaidi yake na sisi tutakuta hatujui hata kumchezea. Tumejifungia wenyewe.

(Waliofuata ya Commander, mtindo wa gemu ya kadi za Magic, Septemba 2024 wanajua na upande mwingine wa shilingi, ile kamati ilifungia kadi nne, watu wakawatishia maisha, ndani ya wiki moja wakakabidhi kila kitu kwa Wizards, kampuni yenye gemu. Kwa hiyo ukiniambia kuwa na kamati nako sio mteremko nakuelewa, na admini wetu halipwi hata senti, na hizo ratiba za mechi ni yeye anazipanga usiku wakati sisi tumelala. Nimemsema lakini sitaki mtu amtukane.)

Nimeandika pendekezo nikalibandika juu ya grupu. Steve arudi kwa wiki nne. Anayetaka kura acheze angalau mechi kumi kwenye mashindano yetu ndani ya wiki hizo, na angalau tatu ziwe dhidi ya dogo, amejitolea kukaa mtandaoni jioni kumsubiri yeyote anayetaka. Asilimia 60. Ikipita, bani inaandikwa na sababu yake, na tarehe ya kuiangalia tena baada ya miezi sita. Ile glichi ya Steve ya kuchomoka kwenye kombo (mapigo ya mfululizo) ibaki marufuku kuanzia sasa hivi, hiyo wala haihitaji mjadala na dogo mwenyewe anakubali.

Mpaka naandika hapa lina dole gumba kumi na mbili. Kumi na moja ni za watu wanaocheza. Ya kumi na mbili ni ya yule aliyeuza konsoli, na kaniandikia pembeni kuuliza kama mechi za wiki hizo nne anaweza kucheza kwa kuazima pedi. Nimemwambia aje Jumamosi, nitamkopesha yangu ya akiba, ile ambayo R imelegea.