Siku 21 za kukaa kimya

Kuna ishu ya Ghana naifuatilia muda sasa na kila nikiwaelezea washkaji wananiuliza Ghana na sisi Watanzania wapi na wapi. Haya ngoja niandike.

Novemba 2022 Ghana walipata kanuni inaitwa L.I. 2462, ya uchimbaji madini ndani ya misitu ya hifadhi. Haikupita kama muswada ambao wabunge wanakesha wanabishana. Kwa katiba yao kanuni inawekwa tu mezani bungeni, zikipita siku 21 za vikao bila theluthi mbili ya wabunge kuikataa basi imeshakuwa sheria, yaani ukinyamaza umekubali. Na humo ndani kulikuwa na kipengele kinachompa rais nguvu ya kuruhusu uchimbaji hadi kwenye yale maeneo nyeti kabisa yenye viumbe adimu, akiona ni kwa maslahi ya taifa. Nani anayapima hayo maslahi? Huyo huyo mwenye saini.

Sasa mi nimekulia Muheza. Mwishoni mwa 2003 ililipuka rashi ya dhahabu Sakale, huko kwenye milima ya Amani, watu wakamiminika na sururu na makarai, wengine wameacha iliki shambani haijachumwa. Shangazi yangu alikuwa anakaa chini huku anatumia maji ya mto Zigi. Jioni anachota ndoo, anaifunika na sinia, asubuhi anamimina taratibu huku anatukemea tusiitikise, na chini linabaki tope la vidole viwili, jekundu. Tulikuwa tunalichezea, hatuna habari kwamba tope hilo hilo linateremka bwawa la Mabayani, na Mabayani ndo maji ya jiji la Tanga.

Wale wachimbaji walitolewa, na walitolewa kwa sababu hawakuwa na karatasi. Hapo ndo huwa nakwama na hoja ya waliokuwa wanaitetea kanuni ya Ghana, eti italeta utaratibu. Ni kweli uharibifu mwingi kule unafanywa na galamsey, wachimbaji haramu, na 2024 shirika lao la maji lilitangaza mto Pra umechafuka hadi kipimo cha tope kimefika wastani wa 14,000 wakati mtambo umetengenezwa kwa maji yasiyozidi 2,000. Sawa, lakini mtu asiye na leseni askari anaweza kumfukuza, mwenye leseni askari anamfungulia geti na kumsalimia.

Halafu angalia msitu kama Atewa. Hapo ndo unapoanzia mto Densu, Densu unajaza bwawa la Weija, Weija linanywesha sehemu kubwa ya Accra, na chini ya Atewa kuna boksiti, madini ya kutengenezea alumini, ambayo watu wanaimezea mate miaka yote. Ni Zigi na Tanga kabisa, tofauti majina tu.

Waghana hawakulala lakini, waliandamana, vyama vya wafanyakazi 2024 vikatishia mgomo, serikali ikabadilika, na Desemba 2025 kanuni ikafutwa. Siku 21 kuiingiza, miaka mitatu kuitoa! Nyie pigeni hesabu wenyewe.

Na kwetu tusijione tuko mbali. Sheria ya Madini ya 2010 haijasema msitu wa hifadhi ni marufuku moja kwa moja, inasema upate kibali cha maandishi cha mwenye mamlaka. 2012 mpaka wa pori la akiba la Selous ulisogezwa kupisha uchimbaji wa urani ya Mto Mkuju na Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ikaridhia, na siku ile sidhani kama mtaani kwetu kuna mtu alilizungumzia, tulikuwa tunabishana Simba na Yanga kama kawaida (na mimi nikiwemo, sijitoi).

Siku hizi nimejipa kazi ya kupitia Gazeti la Serikali, hasa zile kanuni ndogondogo zinazotoka na namba za GN (Tangazo la Serikali), natafuta neno misitu. Inachosha balaa, kurasa nzima ni ada na fomu. Juzi shangazi kanikuta nimeinamia simu akaniuliza nasoma nini, nikamwambia kanuni. Akacheka, akasema we mtoto umeanza lini ukarani, njoo unisaidie kubeba ndoo.