Mtaro wa mvua ipi?

Tangu Kimbunga Hidaya kikate barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga, Mei 2024, mabishano Mtwara hayajaisha. Wapo wanaosema fedha za kupima na kuchunguza mvua zielekezwe kwenye mitaro na makalavati. Wana haki ya kusema hivyo. Mafuriko ya Januari 2020 wilayani Kilwa yaliua watu wasiopungua 20, na mabonde yaliyojaa maji yalikuwa yanajulikana tangu enzi za mababu. Aliyeamka usiku maji yamefika kitandani hana haja ya jedwali la vipimo vya mvua.

Sawa, tujenge mtaro. Wa upana gani?

Siku ya Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kuwa Mtwara imepata milimita 75 ndani ya saa 6. Wastani wa Mei nzima ni milimita 54. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kiwanja cha mita 20 kwa 20 kilimwagiwa lita 30,000, yaani mapipa 150 yale makubwa. Hicho ni kiwanja kimoja tu. Jumlisha mtaa mzima wenye mabati na sakafu za saruji, kisha uyafuate maji yanavyoteremka.

Ila kinachonikosesha usingizi ni zile saa 6. Milimita 75 zikinyesha kwa siku tatu, mchanga wetu hunywa sehemu kubwa, na mkulima hushukuru. Zikishuka kwa mkupuo, zinabeba ukuta. Kipima mvua cha kusomwa kwa mkono mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi, hakiwezi kutofautisha manyunyu ya usiku kucha na dhoruba iliyodumu saa moja tu alfajiri. Rada ya hali ya hewa iliyopo Mtwara inasaidia, lakini rada hukadiria tu. Makadirio yake husahihishwa kwa vipimo vya ardhini.

Na tusidanganyane kuwa haya ni ya jana. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952. Mwaka 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma.

Kwa hiyo sipingi mitaro hata kidogo. Ninachotaka ni vipima mvua vinavyojirekodi kila dakika chache, kuanzia Mikindani hadi Newala, viwepo kabla msimu haujaanza Novemba. Na kila mchoro wa kalavati unaoletwa kwa madiwani uandikwe: hili limepimwa kwa milimita ngapi kwa saa?