Balo la pampasi chini ya kitanda cha mama mkwe

Pampasi moja kwenye kioski ya kona yetu, hapa Kadutu, Bukavu, ni franga mia tano, na mwanangu Asifiwe hana habari. Unamvalisha mpya, unambana vizuri, unasema asante Yesu, na kabla hujakaa uso wake unaiva, macho yanatazama mbali, basi mia tano nyingine imekwenda. Mtoto mchanga anaweza kumaliza nane mpaka kumi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilipiga, hamu ya bugali ikaniisha.

Na hesabu ndiyo kazi yangu. Nabadilisha dola kandokando ya barabara kule Nyawera. Nikishika noti najua kama ina mpasuko kabla sijaiangalia. Kwa hiyo Mama Asifiwe alipoanza kuniomba pesa ya pampasi asubuhi, mchana na jioni, niliona kuna mtu mahali fulani anachuma juu ya mgongo wangu, nikaamua kumkomesha.

Vitu vingine vya mtoto tulikuwa tumeshavipunguza bila kelele. Poda, muuguzi mwenyewe alisema tuache, vumbi lake si zuri kwa mapafu ya mtoto. Vile vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia tulibadilisha na pamba na maji ya vuguvugu. Maziwa ya kopo hatukuyagusa kwa sababu mama yake ananyonyesha, na mpaka miezi sita mtoto hahitaji hata maji ya kunywa. Nguo zake zote ni za balo la mitumba, na kuna kikoti kimoja cha baridi alichovaa mtoto wa Ulaya ambacho hata mimi nakionea wivu.

Ilibaki pampasi. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshuka kutoka Walungu kuja kumwogesha mjukuu, alisema mara moja: kata vikwembe vya zamani, funga mtoto, fua, anika. Amelea watoto tisa hivyo. Nilimjibu kwa heshima, nikiwa nimeinamisha kichwa, kwamba mvua ya Bukavu ikianza Septemba haituachii mpaka Mei, na miezi yote hiyo kamba ya nguo ni pambo tu la parseli, yaani ua wetu. Hakunijibu. Alimwangalia binti yake.

Sokoni Kadutu nikampata mama mmoja anayeuza pampasi kwa balo. Hazina paketi, zimetoka kiwandani na kasoro zake: hii gundi imekwenda upande, hii picha ya dubu imechapwa kichwa chini. Nikauliza swali la maana.

"Mama, hizi zinakunywa?"

"Papa, zinakunywa kupita baba mukwe wako."

Akachukua kikombe cha maji, akaimwagia moja katikati, akahesabu mpaka tano, akaigeuza juu ya kiatu changu. Hakikudondoka kitu. Watu waliokuwa wamesimama pale wakapiga makofi. Tukapatana dola thelathini kwa balo zima, pampasi mia nne na kitu, yaani kila moja chini ya nusu ya bei ya kioski. Noti yangu ya ishirini akaikataa. Ilikuwa na kijitundu kwenye kona. Mimi! Nikatoa nyingine.

Nikamwita mama mbebaji. Alifunga balo, akaweka kamba kwenye paji la uso, akakunja magoti, akajikaza namna wanavyojikaza kwa gunia la makala, yaani mkaa, akainuka kwa nguvu zote, nusura aruke.

"Papa, ndani mwenye iko nini? Hewa?"

Alicheka njia nzima ya kupanda. Tulipofika akadai bei ya gunia la makala. Nikamwambia mzigo si mzito. Akaniambia mlima ni uleule. Nikalipa.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na koridoo. Balo halikuingia chini ya kitanda chetu, kwa sababu chini ya kitanda chetu kuna maisha yetu yote. Ikabaki chumba cha mama mkwe. Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe wanasalimiana kwa mbali, na mwanaume mwenye akili haingii pale anapolala mama wa mke wake. Nikangoja ameenda misa. Kitanda chake ni kifupi, cha mbao. Balo lilikataa, nikalisukuma kwa mguu, kisha kwa miguu miwili nikiwa nimekaa chini na kuegemea ukuta, mpaka likaingia na kukaa limebanwa kati ya sakafu na mbao. Nikatoka, nikafunga mlango, nikajisikia tajiri.

Robine iko kwenye koridoo. Mtaani kwetu maji huja usiku, saa yanayopenda yenyewe. Kwa hiyo unaacha robine wazi, unaweka bidoni chini, unalala sikio likiwa macho. Usiku huo zamu ilikuwa yangu, lakini Asifiwe alinikesheza mpaka saa nane, kwa hiyo lawama tugawane. Na fundi aliyejenga nyumba hii naye apewe fungu lake: sakafu yetu imefuata mlima, kitu chochote kinachomwagika koridoo kinakwenda chumba cha mama mkwe bila kuuliza njia.

Nilishtuliwa na sauti.

"Yezu wangu! Mama Asifiwe! Kitanda iko inapanda!"

Mke wangu, mtoto kifuani, akajibu bila kufungua macho: "Mama, lala. Ni ndoto."

"Ndoto iko inanisukuma mugongo?"

Umeme haukuwepo. Nikachukua simu, nikawasha tochi, nikafika mlangoni pake, nikasimama hapo. Kuingia siwezi. Nikausukuma mlango kidogo, nikanyoosha mkono wenye simu ndani, na uso nikaugeuza ukutani kama heshima inavyotaka. Nikamulika bila kuona.

"Mama, kuna nini?"

"Papa Asifiwe, iko inapanda tena!"

Nikamwambia labda ni kitetemeko. Kosa kubwa. Mama mkwe alikuwa Bukavu ile Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotikisika asubuhi, kwa hiyo mambo hayo hafundishwi na mtu.

"Kitetemeko inatikisaka mutu," akasema, sauti ikiwa imetulia ghafla. "Hii iko inanipandisha polepole."

Hapo ubao mmoja ukalia kaa! Kisha tukasikia nailoni ikichanika, si kwa pigo moja, taratibu, mshono kwa mshono. Mama mkwe akahama kutoka Kiswahili akaingia Mashi, na katika Mashi yake nilitambua majina ya watakatifu tu. Mimi nilikuwa bado naangalia ukuta. Ndipo nikahisi baridi kwenye vidole. Nikashusha macho: nimesimama ndani ya maji.

Nikakimbilia robine. Bidoni limejaa zamani, maji yanashuka ubavuni, yananyoosha moja kwa moja kuelekea mlango wa mama mkwe na kupita chini yake. Na huko ndani hayakutuama. Yalikuwa yanaingia yote, na sakafu karibu na kitanda, mke wangu aliniambia baadaye, ilikuwa kavu kabisa. Balo lilikuwa linakunywa. Mama wa sokoni hakunidanganya hata neno.

Mke wangu akaingia, akamshika mama yake mkono ateremke. Lakini nailoni ilikuwa imeshapasuka upande wa mlango, na vitu fulani vyeupe, vinene, vinavyong'aa kwenye tochi, vilikuwa vimemwagika sakafuni. Mama mkwe akakanyaga. Mguu mmoja ukaondoka, wa pili ukaufuata, akatoka chumbani wima kabisa, bila kutembea, kitenge kikipepea, akavuka mlango, akaja koridoo mzimamzima hadi kwangu.

Ungefanya nini? Nikamdaka.

Tulikaa hivyo muda ambao sitaki kuusema. Mimi nimemkumbatia mama mkwe, yeye amenishika masikio, maji yanapita katikati ya miguu yetu, na mke wangu anatumulika. Kisha mama mkwe akasema, kwa upole sana: "Papa Asifiwe, uniachilie." Nikamwachilia. Akateleza tena, akakaa chini. Kesho yake wajomba wa mke wangu walipiga simu kutoka Walungu. Wanasema kwa kumshika hivyo nina deni la mbuzi. Nikauliza na ningemwacha aanguke? Wakashauriana. Wakasema hilo ni mbuzi wawili.

Asubuhi tukajaribu kulitoa balo. Lile lililobebwa na mwanamke mmoja akicheka, sasa mimi na jirani tulilivuta kwa kamba, likasogea kidogo na kamba ikakatika. Tulilitoa kwa beseni. Pampasi za katikati zilikuwa zimepasuka tumbo, ndani ni uji mzito unaoteleza, ukiushika unakuponyoka, ukiukanyaga unajuta. Zile za pembeni, ambazo zilikuwa zimevimba bila kupasuka, nilizipanga juu ya ukuta wa parseli zipigwe jua. Motari mmoja wa pikipiki akapunguza mwendo.

"Papa, mikate bei gani?"

Jirani aliyenisaidia ni mwalimu wa shimi, yaani kemia. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida kwa mtu aliyeloa mpaka magotini. Alinieleza kwamba katikati ya pampasi, pamoja na ile pamba, kuna unga unaoitwa sodiamu poliakrilati, na kazi ya unga huo ni kunywa. Lakini umepimwa kwa ajili ya mkojo. Mkojo una chumvi, na chumvi inauwekea unga mpaka: unabeba mara thelathini hivi ya uzito wake, basi. Ukiupa maji safi yasiyo na chumvi, unaweza kubeba mara mia na zaidi.

"Yaani kama robine yangu ingetoa mkojo, balo langu lingevimba kidogo tu?"

"Kabisa," akasema mwalimu.

Mama Asifiwe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Asifiwe alikuwa amefungwa kipande cha kitenge cha zamani, kimekunjwa pembe tatu, safi, kikavu, mama mkwe alikuwa amekikata alfajiri bila kumwambia mtu. "Papa Asifiwe," mke wangu akasema, "zile dola ulisema tutaokoa, ziko wapi?" Nikamwonyesha beseni. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, na ninaisimamia mpaka leo. Kilichoingia ni maji, si kosa la kujumlisha.

Uji ule wa kwanza tuliumwaga kwenye shimo la bafu la parseli nzima, na shimo likaziba. Bayerese, mama mwenye nyumba, akatoka. Sitaandika alichosema. Mwalimu akaleta dawa: chumvi. Ukimwaga chumvi juu ya ule uji unaachilia maji yake, unasinyaa mbele ya macho yako. Nilinunua chumvi, nikamwaga, nikaona kweli: kilima kikawa maji na makapi, shimo likameza. Nikatia chumvi kwenye mabeseni yote.

Hapo mwalimu, ambaye angenyamaza ningekuwa mbali, akaongeza kwamba katika nchi kavu wakulima wanachanganya unga wa namna hii na udongo ili ushike maji karibu na mizizi. Nikaona njia ya kumtuliza bayerese. Nyuma ya nyumba ana tuta la mboga za lengalenga analolipenda kuliko wapangaji. Usiku, kwa siri, ili iwe zawadi, nikaimimina shukrani yangu yote kwenye tuta lile.

Pamoja na chumvi yake, ndiyo.

Lengalenga lilikauka kuanzia kingo, likaja katikati. Bayerese anasema ni wivu wa watu. Mwalimu anajua na ananiangalia. Tangu hapo kila Jumamosi napita sokoni, namnunulia bayerese fungu la lengalenga, yeye anawaambia watu kuna mpangaji mmoja tu mwenye adabu katika parseli hii.

Mama mkwe alirudi Walungu mwisho wa mwezi. Siku ya kuondoka alituma mke wangu aniombe zile pampasi chache za juu ya balo ambazo hazikuguswa na maji. Nikafikiri kuna mtoto huko. Nikazifunga vizuri, nikaongeza na sabuni.

Hakuna mtoto. Shemeji yangu ananipa habari kwa simu: Jumapili baada ya misa mama mkwe anakaa mbele ya nyumba yake na pampasi moja na jagi la maji. Anaeleza kwanza habari ya kitanda, na katika maelezo yake siku hizi kitanda kinafika dari. Kisha anamimina, jagi linaisha, anageuza pampasi juu ya kichwa cha mtu yeyote anayebisha. Kutazama ni franga mia mbili, watoto mia.

Jana nimepata ujumbe wake, wa kwanza tangu nilipomdaka. "Papa Asifiwe, zimebaki mbili na Jumamosi kuna harusi. Tuma zingine. Pesa ninayo."