Shimo la Matambiko

Mimi akiolojia, elimu ya kuchimbua mabaki ya kale, siijui. Profesa alinichukua kwa sababu mama yangu ni Muhavu, Kihavu nakisikia, na mgongo wa kubebea mizigo ninao. Basi tukapanda boti hapa Bukavu mpaka Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu, kusoma boma lililohamwa juzijuzi.

Profesa alitueleza njiani: nyasi za paa hutangulia kuoza, nguzo huliwa na mchwa, mwisho hubaki mafiga, majivu na madoa meusi ardhini pale nguzo zilipochimbiwa. Ukishaona nyumba ya jana inavyokufa, ya kale utaitambua hata kama limebaki doa tu. Hapo nilimkubali.

Kweli tulikuta paa limelala chini, mafiga yote matatu bado yamekaa mahali pake, jiwe la kusagia limepasuka. Nyuma, ndani ya migomba, palikuwa na udongo uliotifuliwa. Profesa akapiga magoti. Kamba zikavutwa, picha zikapigwa, akaanza kufagia udongo kwa burashi ya rangi, polepole, kama anayemnyoa mtoto mchanga. Yakatokea majani ya mgomba, yamepangwa vizuri kabisa.

"Andika," akaninong'oneza. "Shimo namba 3. Huenda ni la matambiko."

Nikaandika. Majani yenyewe yalikuwa hayajakauka, na ukiweka mkono unasikia joto likipanda, lakini mimi ni nani? Nalipwa kubeba.

Alipofunua jani la pili, harufu tamu ikatujaa puani, na nyuma yetu mama mmoja akalipuka kwa Kihavu. Mengine siyatafsiri.

"Anasema nini?"

"Anasema, Profesa, umefukua ndizi zake za pombe ya kasiksi."

Kumbe alihamia mlimani tu, hapo juu. Nyumba aliiacha, migomba hakuiacha. Ndizi hufukiwa hivyo siku kadhaa ziive kwa joto, ndipo zikamuliwe na maji yake yatiwe unga wa mtama. Ukiingiza baridi, zinaiva nusunusu, na pombe ya nusunusu nani atainunua?

Akataka kujua tumeandika nini. Nilipomsomea habari ya matambiko alikaa chini kwa kicheko, akaita majirani. Nikaombwa kusoma tena, kwa sauti.

Profesa alilipa mikungu yote bila kupatana bei. Kwenye hesabu za safari aliandika: sampuli za mimea.