update() ya Tkinter: dawa ya haraka na madhara yake

Kitufe kinabofywa, fanksheni inaanza kusoma mafaili elfu moja, na dirisha linaganda. Asilimia ulizotaka zionekane hazionekani; inatokea ya mwisho tu, kazi ikishakwisha. Tk, ambayo ndiyo injini ya Tkinter, maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha na vitufe, haichori papo hapo. Huahirisha uchoraji mpaka programu irudi kwenye kitanzi cha matukio (mzunguko unaopokea mibofyo na kuchora dirisha), na fanksheni yako bado haijairudisha.

Wengi huchomeka root.update() katikati ya kazi, na mambo yanakwenda. Lakini wakongwe wa Tcl, lugha ambayo Tk ilitengenezewa, wameipinga amri hiyo kwa miaka, na kwa haki. Haiishii kuchora, inashughulikia kila tukio lililo foleni, mibofyo ikiwemo. Mtumiaji akibofya "Hifadhi" mara ya pili, fanksheni ileile inaanza upya ndani ya ya kwanza, na ya kwanza haiendelei mpaka ya pili imalize. Akifunga dirisha, kazi inarudi kuandika kwenye lebo isiyokuwepo tena, na TclError inarushwa. Hitilafu hizi hujificha wakati wa majaribio, maana mwandishi wa programu habofyi kwa papara kama karani mwenye wateja mbele yake.

Kwa asilimia peke yake, update_idletasks() kwa kawaida inatosha: inakamilisha michoro na vipimo vilivyoahirishwa bila kugusa mibofyo. Ndiyo pia ya kuita kabla ya winfo_width(), ya kuuliza upana, ambayo kwa dirisha jipya hurudisha 1.

Watetezi wa update() wana swali moja zito, hata hivyo: kama mibofyo haipokelewi, kitufe cha "Sitisha" kitafanyaje kazi? Kwangu jibu ni after(), inayopanga fanksheni iitwe baadaye. Soma mafaili machache, jipangie zamu nyingine, achia kitanzi. Gharama ipo: msimbo uliokuwa unasomeka kutoka juu hadi chini unakatwa vipande. Jenereta za Python, fanksheni zinazoweza kusimama katikati na kuendelea baadaye, hupunguza maumivu hayo, kama korutini zilivyofanya kwenye Tcl 8.6.

Skripti fupi ya mtu mmoja sioni sababu ya kuisumbua hivyo. Iachiwe update() yake, ila vitufe vizimwe kwanza. Na kuzima vitufe hakuzuii alama ya kufunga dirisha. Hiyo lazima inaswe kupitia WM_DELETE_WINDOW, ujumbe unaotumwa mtumiaji anapofunga dirisha.