Kapteni, Nirushie

Meseji imeingia ndiyo kwanza nazima injini, jasho halijakauka: "Kapteni mambo, nirushie elfu hamsini, ntakurudishia Ijumaa." Ijumaa ipi, hakusema. Hiyo ni ya tatu leo. Kiswahili kimenikomoa. Mtu ambaye kazi yake ni kurusha, kila mwenye simu anamwambia arushe. Mwalimu haambiwi "nifundishie elfu hamsini". Fundi cherehani haambiwi "nishonee". Mimi tu.

Na huyo mwombaji ana Noah mbili barabarani. Mimi nina ndege moja, na hiyo moja ni ya tajiri.

Tuelewane hapa. Mtaani wakisikia rubani, wanamwona yule wa madege makubwa, anatembea na wahudumu sita nyuma yake kama bwana harusi na wapambe, kesho analala Dubai. Mimi ni wa Caravan. Pangaboi, injini moja, abiria 12, na rubani mmoja ambaye ndiye dereva, ndiye konda, ndiye wa kuonyesha mkanda unafungwaje, na mizigo ikija ndiye kuli. Juzi nilimpakilia mzee mmoja sanduku lake, akanitia buku mbili mfukoni: "Kanywe soda, kijana." Nina miaka 43, mistari minne begani. Nikanywa.

Hiyo mistari nayo ina shida zake. Leo alfajiri niko kituo cha daladala (gari liko gereji, msiniulize) nimenyoosha shati jeupe, kofia kwapani, nasimama kama mtu wa heshima zake. Dada mmoja akaja moja kwa moja akaniwekea begi miguuni: "Mlinzi, niangalizie hapo, nanunua chapati." Nikaliangalia. Ungefanyaje? Daladala yangu ikapita nikiwa lindoni.

Kufika uwanjani namkuta jamaa wa jana bado anagomba. Tiketi yake imeandikwa 09:00, naye alikuja saa tisa, alasiri, kaoga, kanyoa ndevu. Kosa lake liko wapi? Tiketi inasema 09:00, Mswahili anasema saa tatu, na makaratasi yangu ya safari yanasema 06:00, kwa sababu marubani dunia nzima tunakwenda kwa saa ya Greenwich. Mke wangu akiniuliza narudi saa ngapi, siku hizi nanyamaza.

Lakini siku yenyewe iliharibikia mzanini.

Safari ni Dar, Unguja, Pemba. Ndege ndogo ina hesabu zake: ukijumlisha chuma chenyewe, mafuta, watu na vifurushi, haitakiwi kuvuka kilo 4,000 wakati wa kupaa. Kwa hiyo kila begi linapimwa, mwisho kilo 15, na abiria naye anapanda mzanini. Akatokea bi mkubwa mmoja, Mpemba wa Pemba kabisa, anarudi kwao kwenye harusi. Begi kilo 27.

"Bibi, shikamoo. Begi limezidi."

"Marahaba mwanangu. Limezidi nini? Mie mwenyewe nimelibeba na mkono mmoja."

Tukamweleza. Akasikiliza kwa adabu, akaomba aende msalani, akaenda na begi. Dakika kumi. Aliporudi begi lina kilo 15 kamili, na yeye amekuwa mtu mwingine. Mabaibui matatu, moja juu ya jingine. Vitenge kiunoni. Na kifuani, chini ya hayo yote, mapazia ya biharusi, seti nzima. Anatembea mikono mbali na mwili kama pengwini.

"Sasa je?" akaniuliza, anahema.

Nikamwambia bibi, ndege haijui kilichobebwa na kilichovaliwa, yote inaibeba yenyewe, naomba panda mzanini. Hapo ndipo alipowaka. "Mie ndizi? Mie nazi? Tangu kliniki ya mwanangu wa mwisho sijapimwa, leo nipimwe na mtoto mbele za watu?" Foleni yote ikawa upande wake. Kuna mzungu mmoja ambaye hakuelewa hata neno moja, naye akatikisa kichwa kunilaumu.

Hatimaye alipanda, baada ya wote kugeuka ukutani, mimi nikiwa wa kwanza. Nikarudia hesabu zangu, nikapunguza maboksi ya watu wengine ambayo yangeweza kungoja ndege ya mchana, hesabu zikakubali, kwa sharti moja: bibi akae mbele. Na mbele kabisa kwenye Caravan ni kiti cha pembeni yangu, chenye usukani wake kamili, pacha wa wangu. Ukizungusha huu, na ule unazunguka.

Nikafunga watu mikanda, nikazunguka, nikaingia, nikageuka kulia. Mkoba wa bibi unaning'inia kwenye usukani.

"Bibi, hapo hapatundikwi kitu."

"Mbona pana pembe?"

Ukatoka. Sasa, kabla ya kuondoka lazima nikague usukani: sukuma mbele, vuta nyuma mpaka mwisho. Nikasukuma, sawa. Nikavuta. Ukagota nusu njia. Nikavuta tena, kitu laini kikanirudishia. Mapazia! Usukani wa upande wake umejichimbia tumboni mwa bibi, na usipokuja nyuma, pua hainyanyuki, tutakwenda Pemba kwa barabara.

"Bibi, vuta pumzi."

"Nimeivuta tangu chooni, mwanangu."

Kiti nikakirudisha nyuma mpaka mwisho wa reli. Bado. Abiria wameanza kuloa, maana ndege ndogo juani ni tanuri la mkate. Ikabidi, nami naomba mnisitiri, kapteni wa mistari minne nishike ncha ya pazia inayochungulia kwenye ukosi wa baibui na kuanza kuvuta, mkono kwa mkono, kama mvuvi anavyovuta jarife, huku bibi anasoma dua na abiria wa nyuma anarekodi. Mita sita za kitambaa cha dhahabu zikapelekwa nyuma, kila abiria akapakata kipande. Usukani ukaja mpaka mwisho.

Tukaruka. Juu ya bahari bibi akawa anautazama usukani wake unavyokwenda kushoto na kulia bila mtu. Akaninong'oneza: "Huyu anayeendesha huku kwangu, mnalipa mshahara wa wawili?"

Unguja, shusha, pakia. Pemba tukatua salama. Bibi akanishukuru kwa dhati, akaagiza mpwa wake aliyekuja kumpokea anipe kifurushi cha gazeti. "Mpe mkeo." Pweza mkavu. Utakataaje?

Pweza akaanza kazi ya urubani. Kaenda Unguja, kaja Dar, mchana nimetumwa Mafia kupeleka watalii wa papa potwe, naye yuko chini ya kiti changu na jua linampasha. Mama mmoja wa Kijerumani akanyoosha mkono akanipa kitambaa chenye manukato, kwa huruma. Kurudi Dar, mnara ukaniambia nizunguke juu ya bahari kwanza, kuna wakubwa wanatua. Nikazunguka. Wakubwa wakatua. Nikazunguka tena. Ukiwa mdogo, hata hewani kuna misafara ya kupisha.

Halafu mtu aniambie "nyie mnalipwa dola". Mzee wangu aliuza shamba la Mkuranga nikasome Afrika Kusini, na mpaka leo akipita pale anageuza uso. Kila miezi sita nakwenda kupimwa, kwa kuwa nimevuka 40 na nabeba abiria peke yangu: macho, masikio, moyo, presha. Mwalimu presha ikipanda anafundisha amekaa. Mimi ikipanda, leseni inalala, na karo za watoto zinalala nayo. Mara ya mwisho daktari alinifunga ile mashine mkononi, akaniambia nitulie, nisiwaze kitu chochote kinachoniudhi. Simu ikalia. "Kapteni, nirushie." Namba ikapanda wote wawili tunaiona. Siyo kichekesho hiki, jamani. Nilikaa kwenye benchi pale nje nusu saa nikihema kabla hajakubali kunipima upya.

Sasa niko nyumbani. Mke wangu kanusa mara moja tu, kauliza rubani gani anarudi kazini ananuka Feri. Kumwambia ni zawadi kutoka kwa mwanamke Pemba, nimeona nitulize kwanza. Kifurushi nimekiweka dirishani, na paka wa jirani, yule mwenye sikio moja, amenifuata tangu getini, amekaa kibarazani ananitazama kama nina deni lake. Huyu paka mwezi uliopita alinilia dagaa, jirani akasema nioneshe ushahidi. Ushahidi! Paka ananuka dagaa mpaka kwenye mkia, halafu nioneshe ushahidi!